Soksi nyeupe za Nyali: vile utaijua nyumba ya wazee inayotunza kweli

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, nalifupisha manake barua ilikuwa ndefu na ina machozi ndani. Mamake ana miaka 74, mwaka jana alipigwa na stroki, upande wa kulia umelala na maneno yamempotea, amebaki na "naam" na "la" na hata hizo mara nyingine huzigeuza. Wasichana wa kazi wawili washaondoka, yeye mwenyewe ni mwalimu, asubuhi mpaka alasiri hayuko. Kakake yuko Uingereza, yuko tayari kulipa, kamwambia "angalieni retingi kwanza". Ametembelea nyumba mbili. Ya Nyali ina bustani, tailsi zinang'ara, wazee wamekaa varandani wamevishwa nguo safi na soksi nyeupe, alipotaka kuona vyumba vya juu akaambiwa wagonjwa wanapumzika. Ya Bamburi ni nyumba ya kawaida tu iliyogeuzwa, kulikuwa na harufu kidogo, lakini alimkuta msichana ameketi kwenye kigoda akimlisha mzee uji kijiko kwa kijiko. Auliza, nitajuaje huduma ni nzuri kweli na si rangi ya ukuta tu? Na mwisho kaandika, watu watasema nimemtupa mama.

Mwanangu, nianze na hilo la mwisho nilimalize. Mimi nimekuwa nesi miaka 31, nyingi wodini na zilizobaki nikizunguka majumbani kwa wagonjwa, na waliotupwa nimewaona wengi wakiwa ndani ya nyumba za watoto wao wenyewe, mlango umefungwa kwa nje tangu saa moja asubuhi, sahani ya wali imefunikwa kando ya kitanda mahali mkono haufiki. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 57 yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na serikali, haikusema matunzo hayo lazima yawe kwenye chumba chako cha nyuma. Hao watakaosema waache waseme, wakimaliza waulize nani kati yao atakuja kumgeuza mama saa nane usiku.

Sasa kakako na retingi zake. Simlaumu, kule England kuna tume yaitwa CQC, inaingia kwenye nyumba za wazee inakagua halafu inatangaza hii bora, hii nzuri, hii yahitaji kurekebishwa, hii haifai kabisa. Marekani nao wana nyota, moja mpaka tano. Sisi hapa hatuna cha namna hiyo cha kufungua kwenye simu ukasoma, na zile nyota unazoziona kwenye ramani ya Google zimewekwa na yeyote mwenye simu, pengine mpwa wa mwenye nyumba. Kwa hivyo mkaguzi ni wewe. Kazi si ngumu sana ukijua pa kutazama, ila watu wengi hutazama mapokezi na bustani na mzee mmoja mchangamfu aliyewekwa mlangoni kusalimia wageni. Huyo mzee mchangamfu angekuwa sawa popote. Mtazame yule wa chumba cha mwisho, asiyeweza kutembea wala kusema nani kamfanya nini, manake huyo ndiye mamako.

Karatasi tuzipitie upesi kwa sababu ni muhimu lakini hazimgeuzi mgonjwa. Kwanza jina lisikudanganye, hapa Kenya mahali pengi palipoandikwa nasing homu ni hospitali ndogo tu, watu wanajifungua, wanawekwa dripu, wanarudi kwao, wazee wa kukaa miezi na miaka hawamo. Waulize wazi, mnapokea mgonjwa wa kulala kitandani wa muda mrefu, na mnao sasa hivi wangapi. Kama wanatoa huduma za uuguzi na dawa uliza laiseni ya KMPDC, lile baraza la madaktari, na jina la mahali hapo ulitafute mwenyewe kwenye orodha yao mtandaoni, usitosheke na fremu ukutani. Wengi watakuonyesha kibali cha biashara cha kaunti, hicho hata duka la viatu Markiti linacho. Halafu manesi. Uliza nesi wa zamu ni nani, usiku ni nani, na jina lake na namba yake uitafute kwa Baraza la Wauguzi. Sisemi msichana aliyesomea kozi ya ukea giva ya miezi michache hafai, wengine wana mkono mzuri kuliko sisi wenye diploma, wewe mwenyewe umemuona mmoja pale Bamburi. Lakini hapaswi kuwa peke yake na watu 15 usiku mzima, na hapaswi kuamua insulini.

Haya, soksi.

Mwanangu hii ni Mombasa. Tena umesema ulikwenda Februari, kaskazi yote hiyo, jasho latiririka hata ukiwa umekaa. Mzee gani wa Mombasa huvaa soksi nyeupe mchana Februari? Mimi babangu mdogo alikaa mahali fulani miezi mitatu, sipataji, kila tukienda tunamkuta msafi, kanyolewa, kanzu imepigwa pasi, soksi miguuni, na mimi nesi mzima nikashukuru, nikaleta mahamri na asante juu. Siku moja nilikwenda bila kusema, nikataka kumkata kucha za miguu, nikavua soksi ya kushoto ikashikamana. Kisigino kilikuwa cheusi kama mkaa, kipana kama shilingi ishirini, na harufu yake hiyo hainitoki mpaka leo. Hakusema kwa sababu alikuwa hasikii tena miguu, sukari ilishakula neva. Na wao hawakusema kwa sababu soksi ilikuwa inasema kwa niaba yao.

Sidai kila soksi inaficha kidonda. Yaweza kuwa chumba kina eisii, yaweza kuwa soksi za kubana daktari kaandika miguu isivimbe, yaweza kuwa mzee mwenyewe husikia baridi, damu ikipungua kasi hiyo hutokea. Lakini soksi za rangi moja kwa wazee wote? Hiyo ni yunifomu, na yunifomu huvishwa watu kwa ajili ya anayetazama.

Vidonda vya kulalia ndio kipimo changu cha kwanza popote. Mtu asiyejigeuza, uzito wake unakandamiza nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama yaanza kufa kutoka ndani kabla ngozi haijapasuka juu. Ndio maana twasema ageuzwe takriban kila saa mbili, au kwa ratiba nesi aliyoipanga baada ya kumpima, na wenye godoro la hewa pia wageuzwe, godoro halifanyi kazi ya mtu. Mahali pa kutazama ni visigino, mfupa wa chini ya kiuno pale juu ya makalio, nyonga mbili, viwiko, mabega, na nyuma ya kichwa na masikio. Vitabu vya wazungu vitakwambia tafuta wekundu, sasa kwa ngozi zetu wekundu utauona wapi? Pita na mgongo wa mkono, sikiliza joto, panapowaka kuliko jirani yake, au pamekuwa pagumu, au pamelegea kama ndizi iliyobonyea, au pameiva rangi kuliko pengine, hapo pana jambo. Waulize wazi wazi: sasa hivi mna wagonjwa wangapi wenye vidonda, na vingapi vimeanzia humu? Nyumba nzuri itakuwa na jibu, pengine itasema wawili, mmoja kaletwa navyo kutoka hospitali, mwingine kimeanza hapa na twafanya hivi na hivi. Mimi huyo namwamini zaidi ya anayesema hapana kabisa mama, sisi hatuna, halafu chumba cha mwisho kimefungwa.

Wakikuonyesha chati ya kugeuza wagonjwa, itazame sana. Nitakiri kitu. Nilipokuwa bado kijana nilifanya zamu za usiku mahali fulani pa binafsi, siku ya kwanza saa nane usiku nikachukua chati nijaze, nikakuta imeshajazwa mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Alama zote, sahihi zote, kalamu moja, mkono mmoja. Nikamuuliza mwenzangu, akacheka akasema dada hapa chati yajazwa jioni kukiwa bado kuna nguvu. Na sisemi nilifanya ushujaa wowote, nilikuwa na deni na mtoto mchanga, nilikaa pale wiki kadhaa kabla sijaondoka, na nami nikajaza. Kwa hivyo chati nikiiona safi sana, kila saa mbili juu ya alama, hakuna aliyechelewa, hakuna palipoandikwa alikataa, alikuwa msalani, alikuwa kwa fiziotherapi, mimi moyo hunidunda. Chati ya kweli ina uchafu. Ina wino tofauti, ina saa nane na dakika 40.

Halafu maji. Watu huuliza chakula hawaulizi maji. Mgonjwa wa stroki hawezi kusema nina kiu, joto letu hili lamkausha, mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi, maambukizi yanaingia, halafu ghafla mama anaanza kuweweseka usiku na watu wasema uzee au wasema ana mashetani, kumbe ni mkojo. Tazama kikombe kiko wapi. Kiko upande gani? Mamako mkono wa kulia haufanyi kazi, ukikuta kikombe kimewekwa kulia, hao hawamjui mgonjwa wao. Lakini usimpe tu maji akiwa amelala, stroki inaharibu pia kumeza, wengi maji mepesi ndiyo yanayowapalia kuliko uji mzito. Uliza nani amempima kumeza kabla ya kumlisha. Na uwepo wakati wa kula, hapa ndipo utaijua nyumba. Mgonjwa aketishwe wima, si kuinuliwa kichwa kwa mto mmoja, kijiko kidogo, kinywa kisafishwe kabla ya kijiko kingine, akikohoa wasimame, akimaliza abaki ameketi kama nusu saa. Chakula kikiingia kwenye mapafu ni nimonia, na nimonia hiyo imeua wagonjwa wangu wengi zaidi ya stroki yenyewe. Ndio maana yule msichana wa kigoda kanigusa. Anayelisha akiwa amesimama, macho kwenye simu, kijiko cha mezani kimejaa, huyo ana wengine saba wanamngoja, na kosa si lake, ni la aliyepanga zamu.

Kwa hivyo zamu. Usiulize mna wafanyakazi wangapi, watakutajia jumla mpaka mpishi na askari wa geti. Uliza Jumapili usiku iliyopita walikuwepo nani na nani, na wagonjwa walikuwa wangapi. Halafu nenda wewe mwenyewe saa zisizopendeza. Saa moja usiku zamu zinapobadilishana ni saa nzuri sana, kaa pale kwenye benchi ujifanye wangoja taksi. Je, wa mchana wanangoja wa usiku wafike wapeane habari za kila mgonjwa, au saa kumi na mbili u nusu washavaa mikoba kwa sababu wakaa Likoni na wanaikimbilia feri? Sisi tunaijua feri ilivyo, hakuna wa kulaumiwa ikichelewa, lakini nyumba yenye akili huwa imepanga mtu wa kuziba hilo pengo. Nusu saa bila mtu yatosha kabisa mzee kujaribu kwenda choo peke yake na nyonga ikavunjika. Jumapili saa nane mchana pia ni nzuri, meneja hayupo, wali umeshaliwa, kila mtu ana usingizi. Ukiwa chumbani bonyeza kengele ya kitandani uhesabu dakika. Kama hakuna kengele, uliza asiyeweza kuita anaita vipi.

Kuhusu harufu ile ya Bamburi. Harufu ya mkojo kwenye chumba kimoja saa moja asubuhi ni maisha, mtu kajikojolea na bado hajafikiwa. Harufu ile ile kwenye korido nzima saa tisa alasiri imeshaingia kwenye magodoro, hiyo ni tabia ya nyumba. Na dawa ya sakafu inayokata pua nayo iogope, yaweza kuwa inafunika. Uliza pampasi zabadilishwa mara ngapi na nani analipa, wengine huwapa pampasi 3 kwa siku nzima, ikijaa isijae. Kama mgonjwa ana mpira wa mkojo tazama mfuko: uwe chini ya kiuno, usiguse sakafu, na tarehe ya kuwekwa mpira iwe imeandikwa mahali. Na uulize kwa nini amewekwa, manake mipira mingine huwekwa ili watu wapumzike kubadilisha nguo, basi, na kila siku mpira unapokaa ndani ni mlango wa maambukizi.

Sasa dawa za kulaza. Hili nalisema kwa sauti ya chini lakini lisikie. Ukienda saa nne asubuhi ukakuta nyumba nzima kimya, wazee wote wamelala vinywa wazi, usiseme mashallah pametulia. Zipo dawa za akili za kutuliza, haloperidoli, kloropromazini ambayo wengi waijua kwa jina la Largactil, na nyinginezo, zina kazi yake, lakini kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu zinaongeza hatari ya kufa, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali tangu 2005 kwa zile mpya na 2008 ikaongeza za zamani. Zinamfanya aanguke, asimeze vizuri, asinywe maji. Uliza ni wangapi humu wapewa dawa za usingizi au za kutuliza, daktari gani kaandika, na huyo daktari huzipitia tena lini. Na kufungwa kitandani kwa leso au shuka, hilo uliza pia bila haya. Jibu la "mara moja moja tu, kwa usalama wake" lidai maelezo.

Mamako ana sukari? Hukusema. Kama anayo, nenda uombe kuona friji ya dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa yataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, si kwenye friza, si mlangoni pamoja na soda, na joto letu hili likiikuta mezani inaharibika na hutaijua kwa macho. Stima ikipotea je? Jenereta ipo, na mafuta yamo? Watu wa oksijeni na godoro la hewa wanaitegemea hiyo. Maji nayo, uliza wanakunywa yapi, ya kisima ya chumvi yanaosha sakafu lakini usimpikie uji mtu wa presha. Na chandarua, sawa, lakini dengi na chikungunya zimetupiga hapa mjini, 2013 na tena mwisho wa 2017 kuingia 2018, na mbu wake huuma mchana, sasa mzee anayesinzia varandani saa tano asubuhi chandarua cha usiku kinamsaidia nini? Tazama kama madirisha yana wavu na kama kuna ndoo na vyungu vya maua vyenye maji yaliyosimama. Bustani nzuri ya Nyali hiyo, iangalie kwa jicho hilo pia.

Jambo moja wasiokuwa wa kazi hii hawaliangalii ni vile wanavyomuinua mgonjwa. Bega la upande uliopooza limelegea, halina misuli ya kulishika, ukimvuta mtu kwa mkono huo au ukamdaka kwapani, bega latoka au laumia na maumivu hayo hukaa miezi. Simama utazame wakimtoa mtu kitandani kwenda kwenye kiti. Wakimwambia kwanza, "mama twakuinua sasa, moja, mbili", wakamsogeza kwa kiuno na mgongo, wawili, wametulia, hapo pana mafunzo. Wakimvuta kama gunia la viazi Kongowea, umeshapata jibu na hakuna haja ya kuuliza fiziotherapi huja mara ngapi. Ingawa uliza, manake miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na hata iliyobaki vidole visiponyooshwa kila siku hukunja na kufunga, halafu kucha zachimba kiganja.

Na wanaongea naye? Mtu aliyepoteza maneno hajapoteza akili, anasikia akiitwa "huyu wa kitanda cha nne". Kwa vile mamako hugeuza naam na la, wanapaswa kujua kumuonyesha vitu, kanzu hii au dera hili, chai au uji, na kumpa muda. Uliza pia nani humuogesha. Hili usiliache kwa kuona haya. Mama wa makamo yake kuogeshwa na kijana wa kiume bila kuulizwa, leso imetupwa kando, pazia wazi, kwake ni kufa kabla ya siku zake, na hawezi kukwambia. Mwanamke amuogeshe, na usiku pia, si mchana tu. Kuswali je, wanamuelekeza kibla, wanajua anaweza kutayamamu akiwa kitandani? Ramadhani je, akitaka kufunga na ana dawa za asubuhi, watazungumza na nani? Na lile gumu zaidi: akifariki saa saba usiku, mnampigia nani, mwili wabaki wapi, nani atamgusa mpaka sisi tufike? Sisi huzika haraka, hutaki kufika asubuhi ukaambiwa kapelekwa mochari. Namna wanavyokujibu hapo, upole wao au kigugumizi chao, utajifunza mengi.

Pesa sina maneno mengi. Bei ya mwezi ni mlango tu. Uliza nje ya hiyo bei kuna nini, pampasi, dawa, daktari, fiziotherapi, ambulensi, mavazi ya kidonda, dipoziti yarudi lini, na akilazwa hospitali wiki mbili mwalipa kitanda kitupu au la. Akizidiwa wampeleka wapi, Coast General au kwingine, na nani anakwenda naye kwenye gari? SHA, ile bima ya afya ya serikali, msiihesabu kwenye malipo ya kila mwezi mpaka mmeonyeshwa kwa maandishi inalipa nini pale. Yote yawe kwenye mkataba, na kakako ausome kabla ya kutuma kitu. Mwanzoni omba wiki mbili za majaribio, nyumba ikikataa kabisa majaribio, nami ningekataa.

Akishaingia kazi yako haijaisha, imebadilika tu. Msiende kila Jumamosi saa kumi kama saa ya ukutani, gawaneni siku, wewe, binamu, shangazi, jirani wa zamani, mmoja afike asubuhi ya Jumanne. Mama mpimeni uzito, kila mwezi, mizani ile ile. Akipungua asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja au 10 ndani ya miezi sita, hiyo si "uzee", yadai daktari. Kama hawezi kusimama chukua utepe wa fundi cherehani upime mkono wa juu mahali pale pale, uandike. Funueni mdomo mtazame, ulimi wenye utando mweupe waweza kumaanisha hausafishwi. Na picha za WhatsApp za mama bustanini zinapendeza, mtumieni kaka, lakini mimi picha ningeitaka ya kisigino. Ukiona jambo baya anza na nesi mkuu, kwa maandishi, na tarehe. Wasiposikia kuna KMPDC kwa nyumba na Baraza la Wauguzi kwa nesi. Alama za kupigwa ni polisi siku hiyo hiyo, na usimwache alale pale usiku mmoja zaidi ukisubiri mkutano wa familia.

Kati ya hizo mbili zako, kwa ulichoniandikia tu na bila kuziona, mimi ningerudi Bamburi kwanza. Jumapili, saa nane mchana. Utafute ile harufu iko chumba kimoja au korido nzima, umuulize yule msichana wa kigoda ana wagonjwa wangapi na amelipwa mwezi uliopita lini, akijibu bila kutazama nyuma ni dalili njema. Halafu pitia Nyali unaporudi, usipige simu kwanza. Chagua mzee yeyote pale varandani, msalimie, akikubali mwambie nesi, naomba tumvue soksi moja apate upepo, joto hili. Wakiivua bila kusita na kisigino kikawa kizima, nakula maneno yangu yote na Nyali irudi kwenye hesabu, na vyumba vya juu uombe kuviona siku hiyo hiyo.